Dereva Aliyeondokea Tatu

Kwenye yadi ile ya malori mtu hakujulikana kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alijulikana kwa namna alivyoondoa gari. Karibu na geti palikuwa na matairi chakavu yaliyolazwa chini, na kila asubuhi madereva waliosubiri zamu walikaa juu yake, vikombe vya chai mkononi, masikio yameelekezwa kwenye mpando mfupi unaotoka mizani kwenda getini. Lori lilipimwa likiwa limesimama, kisha likalazimika kuondoka tena na mzigo wake wote, pua juu. Hapo ndipo hukumu ilipotolewa. Wazee wa kazi hawakuhitaji hata kugeuza shingo. Kwa mlio tu walijua dereva ametia gia namba ngapi, na kama mguu wake una adabu au hauna.

Yeye walimwita Mzee Tatu.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mrefu, mkavu, viganja vigumu kama soli ya kiatu. Alikuwa ameendesha magari ya mizigo miaka ishirini na saba bila kugonga hata kuku. Hakunywa, hakuchelewa kazini, hakuuza dizeli ya tajiri vichochoroni. Ukimtazama juujuu ungesema huyu ndiye mfano wa kufuatwa. Lakini mtu aweza kushinda majaribu makubwa kumi, akaja kuangushwa na kitu kidogo anachokipenda kimyakimya. Chake yeye kilikuwa makofi.

Na jina lenyewe lilianza kwa haki. Zamani, siku moja asubuhi, alikabidhiwa lori tupu lililoegeshwa mahali tambarare. Vijana waliomtangulia walikuwa wameondokea namba moja, na malori yao yasiyo na mzigo yaliruka kama vyura, kichwa mbele, kichwa nyuma. Yeye akatia tatu, akaachia klachi, gari likateleza taratibu kama maji kwenye mfereji. Madereva wakongwe wakapiga makofi. “Huyo ndiye dereva! Anaondokea tatu!” Walisema kweli. Gari tupu, ardhi sawa: namba tatu ilikuwa ndiyo gia yake. Kosa halikuwa siku ile. Kosa lilikuja baadaye, alipoanza kuondokea tatu kwa sababu ya jina, wala si kwa sababu ya gari.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mzee Tatu alisifiwa kwa gari tupu, akaenda kutafuta sifa ileile kwa gari lenye tani ishirini na nane, na kwenye mpando. Lori zito halikubali kuondoka kwa namba tatu mlimani bila kudanganywa. Alikanyaga mafuta mpaka injini ikanguruma, akashikilia klachi nusu, hajaikanyaga wala hajaiachia, akaiacha iteleze na kusagika mpaka mzigo uanze kusogea. Kwa masikio ya waliokaa juu ya matairi, mngurumo ule ulikuwa nguvu. Kule chini, palipo giza, ilikuwa ni pleti ya klachi inaungua.

Alijua. Hilo ndilo liandikwe kwanza kabla ya mengine yote: alijua.

Alijua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akifundisha kinyume chake. Miaka minne iliyopita yadi iliajiri dereva mwanamke, wa kwanza na hadi leo wa pekee. Alikuwa mama wa watoto wawili, mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akiendesha gari dogo la kusambaza mikate. Hakuna dereva aliyetaka kukaa naye kwenye kibanda cha lori kumfundisha. Mzee Tatu akasema, “Mleteni kwangu.” Na alimfundisha vizuri, kwa subira ambayo hata mkewe aliistaajabia.

“Sikiliza, mdogo wangu,” alimwambia siku ya kwanza, lori limesheheni matofali. “Usiulize watu uondokee namba ngapi. Uliza gari. Tia gia, usiguse mafuta kabisa, achia klachi polepole. Gari ikiondoka yenyewe, kama ng'ombe aliyeitwa jina lake, hiyo ndiyo gia. Ikitetemeka na kukudai mafuta, umeibebesha, shuka. Ikikimbilia kudai gia nyingine kabla haijatembea urefu wake yenyewe, umeshuka mno, panda. Umeelewa?”

“Nimeelewa, mwalimu. Na kama watu wanacheka?”

“Klachi haina masikio. Haisikii kicheko.”

Yule mama aliyashika maneno yale kama amana. Akiwa na mzigo, kwenye mpando wa mizani, alitia moja kila siku, na lori likapanda likinung'unika kidogo tu, kama mzee anayeinuka kwenye kiti. Juu ya matairi wakapiga kelele: “Mama Taratibu! Hata jongoo amekupita!” “Mama, ukifika getini tupigie simu!” Jina likamganda, naye akalivaa bila kinyongo. Lakini pamoja na wenzake, huku akishika kikombe chake cha chai, alicheka pia Mzee Tatu. Hakucheka kwa sauti. Alicheka kwa mabega. Ukimfundisha mtu njia iliyonyooka kisha ukamcheka akiifuata, umefanya ubaya ambao sijui kama una jina.

Mwaka huu wakapewa lori moja, walishike kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Ndani ya kibanda kulikuwa na daftari la makabidhiano. Anayerudisha gari anaandika hali yake, anayelichukua anasoma, anatia sahihi, anaondoka. Daftari lile ndilo lililokuwa neno la dereva kwa dereva. Asiyeliamini angelazimika kulala chini ya gari kila asubuhi akikagua mwenyewe.

Jumatatu moja Mzee Tatu alipakia vigae vya kuezekea. Mizani ilisoma tani ishirini na nane na ushei. Juu ya matairi walikuwapo madereva sita, na mmoja wao mgeni, aliyekuwa akiambiwa, “Ngoja umwone huyu. Ngoja umsikie.” Akayasikia maneno hayo kupitia dirishani. Mkono wake ulikuwa umeshaelekea namba moja. Ukageuka.

Akatia tatu. Akakanyaga mafuta. Lori likatetemeka mwili mzima, vioo vikachezacheza, halikwenda. Akaongeza mafuta. Likaanza kusogea, kidole kwa kidole, na harufu ikapanda kutoka sakafuni: harufu kali, kama kwato zilizochomwa. Alipofika getini makofi yalilipuka. “Tatu! Tatu! Si tulikuambia?” Akainua mkono kuwapungia, na macho yalikuwa yakimwasha kwa moshi.

Safari nzima klachi iliteleza. Injini ilipaza sauti, gari lisiongeze mwendo. Alishusha vigae, akarudi na gari tupu, akiliongoza kama mtu anayembeba mgonjwa mgongoni. Saa tisa alasiri aliegesha yadini, akafungua daftari, akashika kalamu. Alikaa nalo muda mrefu. Akiandika “klachi inateleza”, fundi atalifungua gari, na fundi akilifungua atauliza limeondokewaje. Akaandika: “Gari zima. Halina tatizo.” Akatia sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri siku zote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa aliyeficha alikuwa mmoja, na aliyeumbuliwa mwingine.

Jumanne Mama Taratibu alisoma daftari, akaamini, akapakia saruji. Aliondoka mizani kwa namba moja kama desturi yake, na wakamcheka kama desturi yao. Maili kumi mbele, kwenye kilima kirefu cha barabara kuu, klachi ikafa. Lori likasimama, likasita, likaanza kurudi nyuma. Alivuta handbreki, akaruka chini na kabari mbili za mbao, akazisukumiza nyuma ya matairi kwa mikono yake, huku magari madogo yaliyomfuata yakikimbilia pembeni kama kuku walioona mwewe. Hakuumia mtu. Barabara ilifungwa kwa saa tano.

Jumatano msimamizi wa yadi aliwaita ofisini. Alikuwa mtu mdogo kuliko Mzee Tatu kwa miaka kumi na tano, mwenye faili kwapani na haraka ya kumaliza mambo. Mama Taratibu alisimama wima karibu na kabati, mikono nyuma. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

“Klachi imeungua,” msimamizi alisema. “Fundi ameandika. Aliyekuwa kwenye usukani ni wewe. Sasa unataka nimwandikie nani?”

“Bosi, mimi naondokea moja. Yadi nzima wananicheka kwa hilo. Dereva wa namba moja anaunguzaje klachi?”

“Labda siku hiyo ulichoka kuchekwa.”

“Muulize mwalimu.” Akamgeukia Mzee Tatu, na usoni mwake hapakuwa na shaka hata chembe. “Mwalimu, mwambie. Wewe ndiye uliyenifundisha. Mwambie naondokaje.”

Msimamizi akainua macho. “Haya, Mzee Tatu. Wewe ndiye bingwa. Unasemaje?”

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Mzee Tatu alitazama chupa ya maji iliyokuwa juu ya kabati, akasoma maandishi yake yote, mpaka tarehe. Kisha akasema:

“Kila dereva ana siku yake mbaya.”

Maneno sita tu. Na ukiyapima moja moja, hakuna uongo ndani yake. Ndivyo walivyo watu waliozoea kuwa wema: hata wakiua, huua kwa maneno ya kweli.

Msimamizi alifunga faili. Barua ya kumwachisha kazi ingesainiwa Ijumaa mchana, sababu ikiwa uzembe wa kuharibu gari. Kila dereva aliijua barua ya namna hiyo. Ikishatoka, inatangulia kila yadi utakayokwenda, na hakuna atakayekupa usukani tena. Hadi hapo yule mama angekaa stoo ya matairi, akiyaandika namba kwa chaki.

Yule mama alitoka ofisini. Alimpita mwalimu wake mlangoni kama anavyopitwa mtu aliyekaa kwenye foleni ya watu wengine.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Mzee Tatu alikaa barazani kwake. Mkewe alikuwa akianua nguo kwenye kamba.

“Baba watoto, nimesikia yule dada wa malori ameunguza gari. Ni kweli?”

“Ndivyo wanavyosema.”

“Mbona wewe hujasema? Si wewe uliyekuwa ukinisimulia kwamba ana mguu mwepesi kuliko wanaume wote wa yadi?” Akakunja shati moja, akalinusa, akalitikisa. “Hata hili limekataa kutakata. Lile la Jumatatu. Lilinuka kuungua, nikadhani umepita kwenye moto.”

Mkewe alimtazama kidogo, kisha akaweka shati lile juu ya mengine, uso wake ukiwa wa mtu aliyeanza kujumlisha bila kuambiwa. Usiku ule na asubuhi yake hakumuuliza tena, na kutokuulizwa kulimwelemea kuliko swali.

Alhamisi aliitwa gereji. Fundi mkuu alikuwa kaka wa mkewe, mtu mnene mwenye mizaha mingi, lakini siku hiyo hakuwa na mzaha. Alifunga mlango kwa mguu, akachukua kitu kilichofunikwa kwa gunia, akakiweka mezani. Ilikuwa pleti ya klachi, imeliwa mpaka kwenye ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoishikilia, chuma chake kimepiga rangi ya buluu kama shingo ya njiwa.

“Shemeji, iangalie vizuri.”

“Naiona.”

“Hii haikuungua kwa safari moja. Hii imekaangwa miezi. Jumanne ilikuwa inazikwa tu, marehemu alikufa zamani.” Akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. “Na mimi nina masikio. Nakaa humu nasikia kila asubuhi nani anaikaanga.”

“Mbona hukuandika hivyo?”

“Niliulizwa nini kimeharibika, sikuulizwa nani. Nikajisemea, wee, huyo ni mume wa dada yako. Nami nina aibu yangu kwa hilo, usidhani ni wewe peke yako.” Akasukuma pleti upande wa Mzee Tatu. “Sitakusemea, shemeji. Wala sitakusitiri. Hii hapa. Chukua, itupe au ipeleke, ni mkono wako.”

Mzee Tatu aliifunga ndani ya gunia, akaenda nayo nyumbani. Ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia. Aliiweka chini ya kitanda, akaitoa, akaiweka nyuma ya mlango, akaitoa tena. Nyumba ya vyumba vitatu haikuwa na mahali pa kuiweka.

Ijumaa asubuhi alipewa lori jingine, nondo tani ishirini na saba. Aliliweka gunia kwenye kiti cha pembeni, akaingia mizani. Ng'ambo ya uwanja, mlangoni mwa stoo, Mama Taratibu alikuwa ameinama juu ya tairi akiandika kwa chaki. Juu ya matairi chakavu walikuwa wameshajaa.

“Tatu! Tatu!”

“Mzee wetu, tupe burudani, baridi hii!”

Aliweka mkono juu ya rungu la gia. Akaisukuma namba moja. Akauondoa mguu kwenye mafuta, akauweka sakafuni kabisa, ili usije ukajaribiwa. Akaachia klachi polepole. Lori likainama kidogo, likashika, likaondoka lenyewe, zito na tulivu, kana kwamba kuna mtu aliyelinong'oneza. Miaka mingapi hakuwa amelihisi jambo hilo akiwa na mzigo?

Mmoja akasema, “Eh! Leo Tatu amezeeka!” na kicheko kikawatoka wote. Kule stoo chaki ilisimama. Mama Taratibu aliinua kichwa. Yeye pia alikuwa na masikio.

Juu ya mpando, palipo sawa, Mzee Tatu alisimamisha gari, akavuta handbreki, akashuka na gunia lake. Akaenda mpaka kwenye matairi, akaimwaga pleti miguuni mwao.

“Klachi ya Jumanne niliiunguza mimi. Nimeiunguza miezi, na Jumatatu nikaimaliza hapa, mbele yenu. Nikaandika daftarini kwamba gari ni zima. Jumatano nikaulizwa ofisini, nikamwacha mwenzangu abebe.”

Wengine walidhani ni mzaha, mmoja akacheka tayari. Alipoiona rangi ya chuma akakimeza kicheko chake.

“Kwa nini, mzee?” aliuliza yule mgeni.

“Kwa ajili yenu,” alisema, kisha akatikisa kichwa. “Hapana. Nyinyi hamkunishika mguu. Kwa ajili yangu.”

Mama Taratibu alikuwa amefika, chaki bado mkononi. Madereva wakampisha. Alitazama pleti, akamtazama yeye.

“Jumatano ulikuwa wapi?”

“Nilikuwepo.”

“Najua ulikuwepo. Nilikuwa nakutazama wewe.”

Alitaka kumwambia nisamehe. Neno lilifika mdomoni, akaliona ni dogo, na pia lilikuwa linaomba kitu kutoka kwa mtu aliyekwisha kunyang'anywa. Akalinyamazia. Aliiokota pleti, akaingia ofisini, akairudia habari yake tangu mwanzo mbele ya msimamizi, pamoja na yale maneno sita. Daftari liliitwa, likasomwa. Fundi aliitwa, na safari hii aliulizwa nani. Barua iliyokuwa imeshachapwa ilichanwa, ikaandikwa nyingine yenye jina lake yeye: miezi sita bila usukani, kazi stoo ya matairi, na onyo la mwisho. Wapo walioona ni adhabu kubwa kwa mtu wa miaka ishirini na saba kazini. Mimi naona alipunguziwa. Hata siku tatu ni nyingi mno kumwacha mtu asiye na hatia asimame mahali pako.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda ndani, akalichukua lile shati, akalirudisha kwenye beseni.

Jumatatu iliyofuata Mzee Tatu alikuwa mlangoni mwa stoo, vumbi la chaki kwenye vidole, mgongo ukimuuma. Mama Taratibu alitoka ofisini na funguo. Kabla ya kupanda alilala chini ya lori juu ya kipande cha boksi, akalikagua mwenyewe kwa tochi, kila bomba, kila nati. Daftari lilikuwa mkononi mwake, limeandikwa na dereva mwingine mwaminifu, naye hakuliamini tena. Mzee Tatu alilitazama lile boksi na miguu midogo ya yule mama iliyochomoza chini ya gari. Kutoaminiana huko nako kulikuwa kazi yake.

Mama Taratibu alipoinuka akajipangusa, akampita.

“Shikamoo, dereva,” yule mama alisema.

“Marahaba,” Mzee Tatu akajibu. Miaka minne yule mama alikuwa akimwita mwalimu.

Lori lilipimwa, likaondoka mizani kwa namba moja, likinung'unika polepole. Juu ya matairi mdomo mmoja haukuweza kujizuia: “Mama, jongoo huyooo, amekupita tena!”

Mzee Tatu aliweka chaki chini. Alivuka uwanja mzima, wote wakimwona, akasimama mbele yao.

“Mwacheni,” alisema. “Hiyo ndiyo gia.”

Wakamcheka yeye sasa, wengine kwa mabega tu, kama alivyokuwa akifanya. “Mzee wa stoo amesema!” “Mpeni kiti bingwa wa chaki!” Uso ulimwaka, masikio yakamwaka, lakini hakuondoka. Alisimama pale pale akichekwa mpaka lori lilipomaliza mpando na kutoka getini. Dereva wake hakugeuka kutazama nyuma.